Kumi na Saba Ni Nani?

Saa tatu kasoro kumi asubuhi, Sekunde alikuwa amesimama mlangoni pa ukumbi wa mnada akibishana na mwanamke aliyefahamiana naye miaka kumi na mitano.

"Nipe kitabu," alisema.

"Hakuna kitabu."

"Vimekwisha mapema hivi?"

"Havijakwisha. Havipo. Kuanzia leo, mwenzangu, vitabu basi."

Aliyekuwa akisema hayo aliitwa Mama Vitabu, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya Sekunde. Kila Jumamosi, mvua iwepo isiwepo, Mama Vitabu alikaa kwenye meza ndogo pale mlangoni akigawa vitabu vya mnada: kurasa arobaini za karatasi nyepesi, kila mali na namba yake, maelezo ya mistari miwili na bei ya kuanzia. Leo juu ya meza ileile kulikuwa na vishikwambi vyeusi vilivyopangwa wima kama sahani zilizooshwa, na yeye mwenyewe alikuwa akivitazama kwa jicho la mtu aliyeletewa wageni bila taarifa.

"Sasa tukuite nani?" Sekunde aliuliza. "Mama Vishikwambi?"

"Usinichekeshe, nina kazi. Tumefundishwa jana, nusu saa tu, na mwalimu mwenyewe alikuwa na haraka. Haya, wewe ni namba thelathini na moja. Hapa unatafuta mali. Hapa unaona picha. Hiki kitufe cha kijani huku chini ni cha kupandisha bei. Dalali akiitaja mali uliyoifungua kinawaka. Ukikigusa, umepanda."

"Na penseli yangu?"

"Utaandika wapi? Kwenye kioo?"

Sekunde akairudisha penseli kwenye nywele zake alikozoea kuichomeka. Alikuwa fundi saa. Jina lile walimpa wateja, kwa sababu ukimwambia utakuja saa nne nawe ukaja saa nne na dakika tano, alizitazama kwanza saa zote kumi na mbili za ukutani kwake, moja baada ya nyingine, ndipo akakuitikia salamu. Mtu wa namna hiyo hapendi kubadilishiwa taratibu asubuhi. Na asubuhi ile kuliko zote hakutaka kabisa, maana alikuja kuchukua mali namba sitini na mbili, na alitaka kuondoka nayo kabla ya mchana.

Mali namba sitini na mbili ilikuwa meza ya kazi. Kwa mtu mwingine ilikuwa meza ya zamani tu, ndefu kwenda juu, yenye kingo zilizoinuka kidogo ili skrubu zisidondoke, na droo moja iliyogawanywa vyumba ishirini na vinne. Kwa Sekunde ilikuwa meza ya baba yake. Akiwa na miaka tisa alisimama juu ya kreti mbele ya meza ile, akafungua saa yake ya kwanza na kushindwa kuifunga, na baba yake akacheka mpaka akavua miwani. Baba alikuwa amefariki miezi minane iliyopita, na Sekunde hakutaka kitu kingine chochote katika urithi wake.

Aliyeileta meza mnadani alikuwa kaka yake mwenyewe. Baada ya msiba, chumba cha kazi cha baba kilitakiwa na mwenye nyumba, na kaka, aliyebaki na funguo, alisema vitu viuzwe vyote tugawane. Sekunde akasema vyote isipokuwa meza. Neno likazaa neno, sauti zikapanda, mwisho kaka akafoka: "Kama unaitaka sana, kainunue mnadani kama watu wengine!" Ni maneno ya hasira, ya kusemwa na kufutwa jioni yake kwa kikombe cha chai. Lakini kaka alikuwa mtu wa aina ile ambayo, ikishasema, iko radhi imeze jiwe kuliko kurudisha neno. Sekunde naye hakuwa nyuma. Walirithi vitu vichache sana kwa baba yao, na ukaidi ndio pekee walioupata sawasawa. Tangu siku ile hawakusemezana, hata kwa simu.

Hata hivyo hakuja na wasiwasi wa bei, kwa sababu alikuja akiitegemea desturi ya ukumbi. Hakuna aliyeiandika popote. Kama mali iliyonadiwa ilitoka kwenu, ulikifungua kitabu kwenye ukurasa wake, ukakilaza kifudifudi juu ya goti, ukaweka viganja vyote viwili juu yake, ukatulia. Dalali akiona alitangaza, "Kitabu kimelala," na ukumbi mzima ulishusha mikono, hata wale wachuuzi wa fanicha ambao wangeraruana mashati kwa ajili ya kioo chenye ufa. Mwenyewe aliichukua mali kwa bei ya kuanzia. Na haikuwa lazima ulaze wa kwako. Sekunde aliwahi kumwona mjomba mtu na tumbo lake akimlazia mpwa wake kitabu kwa ajili ya gitaa la marehemu, jasho likimtiririka, kana kwamba gitaa litamponyoka.

"Mama Vitabu," alisema sasa, akikigeuzageuza kishikwambi. "Na kulaza je?"

"Kulaza nini?"

"Kulaza kitabu. Nina sitini na mbili leo. Ni meza ya baba."

 Mama Vitabu alizitazama karatasi za maelekezo alizopewa, akageuza upande wa pili ambao haukuwa na kitu.

"Hilo hawakutufundisha," alikiri.

"Nikikilaza hiki?"

"Usikilaze! Usijaribu! Mwalimu alisema kikifunikwa kinaweza kulala chenyewe, halafu kukiamsha ndiyo kazi. Wewe kishike hivyo hivyo, umwambie Nyundo mapema. Nyundo anakujua."

Nyundo alikuwa dalali. Sekunde akaenda moja kwa moja mpaka jukwaani, lakini Nyundo alikuwa amezungushiwa skrini tatu kama mgonjwa aliyezungukwa na ndugu. Nyundo yake ya mti, iliyompa jina, ilikuwa pembeni juu ya kiti, haina kazi. Sekunde aliita mara mbili. Nyundo alijibu bila kuinua macho, "Kaeni chini, jamani, kaeni, mashine imeshaanza kuhesabu," na Sekunde akarudi kuketi safu ya pili akiwa hajasema alilotaka kusema.

Mnada ulianza, na ulianza vibaya. Mzee mmoja aliyekuwa akinunua makabati tangu enzi hizo alikishika chake juu chini, akalalamika kwamba siku hizi wanapiga picha za fanicha zikiwa zimepinduka. Muuza majokofu alipangusa kioo kwa pindo la shati lake kwa sababu aliona vumbi, akajikuta amenunua kitanda cha mtoto.

"Nimepangusa tu!" alilia.

"Umepangusa kwa elfu themanini," jirani yake alimwambia, na watu wakacheka, lakini kicheko cha wasiwasi, kila mtu akivuta vidole vyake mbali na kioo.

Sekunde hakucheka. Aliitafuta sitini na mbili, akapata picha ya meza. Aliigusa aione vizuri, ikawa kubwa mno, akabaki anatazama mkwaruzo mmoja tu uliojaa kioo kizima. Aliugusa tena, ikaja friji. Katika kitabu ungejua uko wapi: ukurasa ulikuwa kushoto au kulia, ulikuwa na kona uliyoikunja mwenyewe. Humu kila kitu kilikuwa juu ya kila kitu. Akajisikia mjinga, yeye anayefungua saa za mkononi ndogo kuliko kifungo cha shati, na akaichukia hali ile.

Wakati akihangaika hivyo, kaka yake aliingia.

Alimwona kwa pembe ya jicho. Shati la bluu lililopigwa pasi, kiatu kilichong'arishwa, uso umefungwa. Alichukua kishikwambi bila kuuliza swali wala kungoja maelezo, akapita bila kumsalimia mdogo wake, akaketi safu tatu nyuma kando ya nguzo. Haukupita muda kiti chake kikaanza kulia, ngi, ngi, ngi, na Sekunde hakuhitaji kugeuka ili ajue ni nini. Lilikuwa goti. Tangu utotoni, kaka akiwa na jambo rohoni, goti lake la kulia halikutulia. Wakila, vikombe vilitetemeka juu ya meza na chai ikamwagika, mpaka mama aliponyosha mkono chini ya kitambaa cha meza akaweka kiganja chake juu ya goti lile, bila kukatiza mazungumzo, ndipo likatulia.

Kaja kuniona nikiumbuka, Sekunde aliwaza. Akajikaza, akatazama mbele.

"Mali namba sitini na mbili," Nyundo alisoma kwenye skrini yake. "Meza ya kazi ya fundi saa, mti mgumu, droo moja. Tunaanzia laki mbili."

Kitufe kikawaka kijani. Sekunde akakigusa kwa uangalifu.

"Laki mbili, namba thelathini na moja."

Basi, alijiambia, imekwisha. Wachuuzi wa safu ya kwanza walikuwa wamegeuka wakamwona. Mzee wa makabati alimtambua, akaelewa, akakiweka chake sakafuni kabisa ili asije akakosea. Mikono ya ukumbi ilikuwa chini.

"Laki mbili na ishirini. Namba kumi na saba."

Sekunde akainua kichwa. Hakuna aliyekuwa amenyosha mkono. Hakuna aliyekuwa amesema. Akagusa.

"Mbili na arobaini, thelathini na moja. Mbili na sitini, kumi na saba."

Ilikuja upesi mno, kabla hajaondoa kidole. Mtu gani anayejibu haraka hivyo, bila kufikiri? Aligusa tena. Kumi na saba akapanda tena. Sekunde alizungusha macho ukumbini akitafuta uso wenye tamaa, na kila uso aliouona ulikuwa ukitafuta kama yeye. Wachuuzi walitazamana. "Kumi na saba ni nani?" mmoja alinong'ona. "Si mimi." "Basi ni nani?" Nyuma, kiti kiliendelea kulia, ngi, ngi, ngi, kwa kasi zaidi.

"Laki tatu na ishirini, thelathini na moja. Laki tatu na arobaini, kumi na saba."

Kidole cha Sekunde kikabaki hewani. Hatua iliyofuata ilikuwa laki tatu na sitini, naye mkobani alikuwa na laki tatu na nusu, yote aliyoweka mwaka ule, na alikuwa ameibeba yote kwa tahadhari tu. Zilipungua elfu kumi. Alisimama.

"Nyundo! Meza hiyo ni ya baba yangu! Kitabu changu kimelala!"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Nyundo akainua macho. Alimwona, akaona kishikwambi kilichosimama wima mkononi mwake, akatazama skrini, akamtazama tena.

"Dada, mashine inahesabu," alisema kwa sauti ya kuomba radhi. "Sijui inasimamishwa wapi."

Mashine ikamaliza kuhesabu na kutoa mlio wake, ko, mlio wa nyundo ambao si wa nyundo. Skrini kubwa ukutani ikaandika: imeuzwa, namba 17.

"Kumi na saba ni nani?" Sekunde aliuliza, safari hii kwa ukumbi mzima.

Kila mtu alimtazama jirani yake. Lakini Mama Vitabu, pale mlangoni, alikuwa na orodha, na hakuwahi kuwa hodari wa kuficha kitu. Alishuka kwa kidole mpaka mstari wa kumi na saba, akasoma, akainua macho, na macho yake yakaenda kwenye nguzo.

Sekunde akageuka.

"Wewe," alisema.

Kaka yake aliangaza huku na huku, kana kwamba kulikuwa na mtu mwingine nyuma yake. "Mimi? Mimi sijagusa kitu."

Kilichomtoka Sekunde hapo alikuwa amekibana kifuani miezi minane. "Baba alikuita siku tatu hospitalini kabla hajafa. Siku tatu, kila mlango ukifunguka anauliza kama ni wewe. Na ulikuwa mjini hapa hapa! Watu wote nimewaambia ulikuwa safarini. Mashangazi nimewaambia, majirani nimewaambia, nimesema uongo kwa ajili yako mpaka ulimi umechoka. Haya, leo nasema kweli. Hukuwa safarini hata siku moja. Hukuja kumwona, basi! Na sasa umekuja kuninyang'anya meza yake?"

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama kaka. Kiti chake kilinyamaza.

Kaka hakupandisha sauti. Aliinamisha kichwa akatazama mapajani mwake, na Sekunde, ambaye sasa alikuwa amesogea mpaka kwenye safu ile, akaona kile ambacho kiti cha mbele kilikuwa kimekificha. Kishikwambi kilikuwa kimelazwa kifudifudi juu ya goti la kulia, na juu yake viganja viwili vimetandazwa.

"Nimekilaza," kaka alisema, kama mtu asiyeelewa anashtakiwa kwa lipi. "Tangu namba hamsini nimeifungua sitini na mbili, nikakilaza. Niliwaza Nyundo ataona. Nimekulazia wewe."

Mama Vitabu alikuja, akakitoa taratibu chini ya mikono yake na kukigeuza. Kioo kilikuwa kimeandika hongera kwa herufi kubwa, na chini, mahali pa kitufe cha kijani, kilikuwa na ukungu wa joto lililopita kwenye suruali nyembamba. Mama Vitabu alitazama kioo, akatazama goti, ambalo lilikuwa limeanza tena.

"Goti," alisema kwa sauti ndogo. "Kila akilitikisa linagusa kitufe. Kama yule na shati lake."

Muuza majokofu aliitikia kwa kichwa, kwa huzuni, kwamba ndiyo, inawezekana.

Sekunde alisimama pale na kichwa chake kikienda mbele na nyuma bila kushika popote. Kadiri alivyopanda ndivyo kaka alivyomwogopea, na kadiri alivyomwogopea ndivyo goti lilivyotikisika, na kadiri lilivyotikisika ndivyo bei ilivyopanda. Aliurudia mzunguko huo mara tatu kama anayetafuta jino lililovunjika kwenye gurudumu la saa, na hakuona pa kumlaumu mtu. Alipoinua macho, kaka alikuwa ameshainuka. Alipita katikati ya watu ambao sasa walikuwa wanajua alipokuwa siku zile tatu, nao wakampisha, na kumpisha kule kulikuwa kubaya kuliko kama wangemzuia.

Nyundo alishuka jukwaani. Alijaribu kuyafuta mauzo kwenye skrini ya kwanza, ya pili na ya tatu, na zote zilimpongeza. Mwishowe alisema neno ambalo halifai kuandikwa, akamwomba Sekunde penseli iliyokuwa kwenye nywele zake, akachana kipande cha karatasi za maelekezo, upande usio na kitu, akaandika: Meza. Laki mbili. Kitabu kililala. Akaichukua nyundo ya mti kitini na kuipiga mara moja juu ya ukingo wa jukwaa. Wachuuzi wote walisema ndiyo, ni haki, na mzee wa makabati alipiga makofi. Sekunde alihesabu pesa, akapokea karatasi, akaisoma. Meza ilikuwa yake. Alisubiri furaha ifike, akaona haifiki, akatoka nje.

Kaka alikuwa ameketi kwenye ngazi za mbele za ukumbi, ile ya tatu kutoka chini, mikono katikati ya magoti. Sekunde alisimama nyuma yake. 

"Kumi na saba nilikuwa mimi?" kaka aliuliza bila kugeuka.

"Ulikuwa wewe."

"Nami nilikuwa namlaani. Kila ikitajwa kumi na saba nilisema moyoni, huyu mtu hana ndugu?"

Sekunde akaketi kando yake, ngazi ileile. Wapagazi walikuwa wakiitoa meza kwa mlango wa pembeni, wakiambiana kushoto, kushoto, wakisahau kuishika droo.

"Kaka, yale niliyoyasema mle ndani..."

"Ni kweli uliyoyasema." Alikuwa akitazama viatu vyake. "Ila nilikuwa nakuja. Zile siku tatu. Nilikuwa nafika mpaka kwenye ngazi za hospitali, nakaa hivi. Najiambia nikihesabu mpaka mia naingia. Wewe umepita mbele yangu mara mbili, mdogo wangu, na chupa ya chai mkononi. Hukuniona."

Sekunde aliikumbuka ile chupa. Alizikumbuka ngazi, na watu waliokuwa wakikaa pale wakingoja, vichwa chini, ambao hakumtazama hata mmoja kwa sababu alikuwa na haraka ya kurudi juu. Alitaka kuuliza kwa nini hakumwita, akajua kwamba hata kaka mwenyewe hajui.

Goti lilikuwa likitikisika. Alinyosha mkono, akaweka kiganja chake juu yake, kama mama alivyokuwa akifanya. Halikutulia. Naye hakuuondoa mkono.